Askari wa mitambo ya kompyuta atoke vijijini pia

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona halijazungumzwa vya kutosha. Jambo lenyewe ni kazi ya kusimamia mitandao ya kompyuta katika jeshi letu, na ni watoto wa nani watakaoifanya kazi hiyo miaka kumi au ishirini ijayo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bagamoyo. Kazi yangu ni chaki na madaftari, si bunduki. Lakini wote wanaokwenda jeshini hupita kwanza mikononi mwa walimu, kwa hiyo naona ninayo haki ya kulisemea jambo hili.

Huku kwetu kijana akirudi likizo na kusema kwamba amepangiwa kazi ya kompyuta kambini, baadhi ya watu humcheka. Barazani husemwa kwamba huyo ni karani aliyevaa magwanda, na kwamba askari ni yule anayelala porini na kubeba bunduki. Wengine husema maneno ya namna nyingine. Hao husema kwamba kazi hiyo ni ya watoto wa Masaki na Oysterbay waliokua na kompyuta nyumbani, na kwamba mtoto wa mvuvi asijisumbue nayo. Kauli ya kwanza inatokana na kutojua. Kauli ya pili ndiyo inayonitia hofu, maana tusipochukua hatua mapema itakuja kuwa kweli.

Niruhusu nianze na hiyo kauli ya kwanza. Je, msimamizi wa mtandao hufanya nini hasa? Mambo ya ndani ya kambi si ya kuandikwa gazetini, lakini misingi ya kazi hii ni ile ile, iwe ni katika benki, hospitali au jeshi. Kompyuta nyingi zikiunganishwa ili zipeane habari, lazima awepo mtu wa kuziangalia njia zinazopita habari hizo. Yeye ndiye anayetandika nyaya na kufunga vifaa vya kugawa njia. Ndiye anayeipa kila kompyuta anwani yake ili ujumbe usipotee. Ndiye anayefuata maagizo ya wakubwa wake kwamba mhasibu aone hesabu tu, na daktari aone majalada ya wagonjwa wake tu. Hutunza nakala za kumbukumbu mahali pa pili, ili moto au mafuriko yakiharibu mashine kazi isisimame. Na kila siku husoma orodha inayoandikwa na mitambo yenyewe kuonyesha nani kaingia, saa ngapi, na kwa kompyuta ipi. Akiona kwamba usiku wa manane mtu asiyejulikana alijaribu nywila mara mia moja, hapuuzi hata kidogo.

Nikiwaeleza wanafunzi wangu huwaambia kwamba mtu huyo ni tarishi, bawabu na mtunza stoo kwa wakati mmoja. Barua zote hupita kwake, milango yote huilinda yeye, na funguo zote anazo yeye.

Sasa iweke kazi hiyo jeshini. Askari wetu wamekuwa katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa huko Darfur, Lebanon, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wengine wapo mipakani na visiwani. Askari hao hupata chakula, mafuta, dawa na mishahara kwa sababu kuna mahali ambapo mahitaji yao yameandikwa, yakatumwa na yakapokewa sawasawa. Amri ya kamanda ikichelewa, ikipotoshwa njiani, au ikasomwa na adui kabla ya kumfikia askari, bunduki nzuri haisaidii kitu. Basi yule aliyekaa mbele ya mitambo hiyo usiku kucha, akihakikisha kwamba amri inafika kwa mwenyewe na haifiki kwa mwingine, yuko katika zamu ya ulinzi kama yule aliyesimama getini. Anapaswa kupewa heshima ile ile.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa jambo hili. Walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na walijua kuwa mji usio na mbiu huvamiwa umelala. Bagamoyo yenyewe ina historia yake katika mawasiliano. Mwaka 1890, mji wetu ulipokuwa makao makuu ya Wajerumani, waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kuunganisha Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam. Hapana shaka kwamba waya ule haukuwekwa kwa ajili ya salamu za sikukuu. Mtawala alitaka amri na taarifa zake zivuke bahari upesi kuliko jahazi.

Halafu tukumbuke mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti. Siku nne tu baadaye, tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam na kupiga mizinga. Shabaha yake kuu ilikuwa nini? Haikuwa ghala la baruti wala kambi ya askari. Ilikuwa kituo cha simu ya upepo, kwa sababu kituo kile kingeweza kuzungumza na meli za Wajerumani zilizokuwa baharini. Kwa hiyo katika pwani yetu hii vita ilifunguliwa kwa kupiga mawasiliano. Aliyetaka kumshinda mwenzake alianza kwa kumziba masikio na kumfunga mdomo.

Mambo hayo hayajabadilika, ila silaha ndizo zimebadilika. Tarehe 24 Februari 2022, kiasi cha saa moja kabla ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, mtandao wa setilaiti wa kampuni ya Viasat ulishambuliwa. Jeshi la Ukraine lilikuwa miongoni mwa watumiaji wa mtandao huo. Maelfu kwa maelfu ya vifaa vya kupokelea mawasiliano vilikufa kwa mara moja. Hata huko Ujerumani, mitambo ya upepo ya kufulia umeme kama 5,800 ilikatika mawasiliano na wasimamizi wake, ingawa Ujerumani haikuwa vitani. Hapakuwa na bomu lililodondoshwa wala waya uliokatwa kwa panga. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba wavamizi waliingia kupitia kifaa kimoja cha mtandao ambacho hakikupangwa vizuri. Ndugu Mhariri, naomba wasomaji wakitafakari jambo hilo. Kosa dogo katika kifaa kimoja liliweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji manowari.

Sisi nasi tulionja kidogo, ingawa haikuwa vita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, yaani EASSy na Seacom, zilikatika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Watu walishindwa kutuma kazi zao, na kila mmoja akaona jinsi maisha yetu yalivyoning'inia kwenye nyuzi zisizoonekana. Ikiwa ajali tu inatuhangaisha hivyo, je, siku mtu akikusudia?

Kwa hiyo kauli ya kwanza, kwamba askari wa kompyuta si askari, naiona haina msingi. Lakini lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni kwamba katika kazi hii maarifa ya mashine ni nusu tu. Nusu ya pili ni nidhamu na uaminifu, na nusu hiyo hainunuliwi dukani pamoja na kompyuta.

Chukua mfano wa Marekani, nchi yenye mitambo kuliko zote. Mwaka 2023 alikamatwa huko kijana wa miaka 21, Jack Teixeira, askari wa kikosi cha anga cha akiba katika jimbo la Massachusetts. Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo tunayoizungumza, kutunza mitambo ya mawasiliano ili ifanye kazi. Kwa sababu ya kazi hiyo alikuwa na njia ya kuona nyaraka za siri, naye akazitoa kwa marafiki zake wa kucheza nao michezo ya kompyuta mtandaoni. Mwezi Novemba 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Elimu ya mashine alikuwa nayo. Kilichopungua ni ule ukimya wa mtu anayejua kwamba kitu hiki si changu, nimepewa kukilinda tu.

Au chukua kile kisa cha mwaka 2008, ambapo flashi moja yenye virusi ilichomekwa katika kompyuta ya jeshi la Marekani katika kambi moja ya Mashariki ya Kati. Virusi vile vilienea hadi katika mitandao ya siri, na kuvisafisha kulichukua zaidi ya mwaka. Au kile cha Januari 2018, ilipogundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilikuwa ikionyesha njia wanazokimbia askari katika kambi zao za nchi za mbali, kwa sababu tu askari hao walivaa saa za kuhesabu hatua. Katika visa vyote hivyo hapakuwa na adui aliyevunja mlango. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ndiyo maana nasema kazi hii huanzia kwetu, katika shule ya msingi. Mtoto anayefundishwa kutosoma barua ya mwenziwe, kutochukua funguo za stoo bila ruhusa, kuandika kumbukumbu ya alichofanya na kukiri anapoharibu, huyo ameanza kufundishwa usimamizi wa mtandao kabla hajaiona kompyuta. Watoto wa vijijini hawapungukiwi na hayo. Mtoto wa Mlingotini au Saadani anayepewa zamu ya kulinda ngalawa na nyavu za baba yake usiku anajua zamu ni nini. Tatizo ni ile nusu nyingine, yaani maarifa ya mashine yenyewe.

Hapa ndipo naifikia kauli ya pili, ile inayonitia hofu.

Katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 wanamgambo waliingizwa jeshini kwa maelfu kutoka kila upande wa nchi. Mkulima aliacha jembe, akafundishwa bunduki kwa muda mfupi, akaenda na kurudi na ushindi. Hiyo ndiyo nguvu ya nchi yenye jeshi la wananchi. Lakini msimamizi wa mtandao hatengenezwi kwa wiki kumi. Hutengenezwa kwa miaka. Anahitaji hesabu nzuri, anahitaji kuzoea mashine tangu utoto, anahitaji shule ya sekondari yenye maabara, kisha chuo, kisha mafunzo ya kijeshi juu yake. Siku mbiu ikilia hatutaweza kwenda vijijini kuwaokota kwa haraka kama tulivyofanya mwaka 1978. Tutakuwa na wale tu tuliowaandaa, na tuliowaandaa watakuwa ni wale waliozaliwa karibu na mashine.

Tuangalie hali ilivyo. Elimu ya kompyuta, ambayo tunaiita TEHAMA, ilikwisha kuingizwa katika mihtasari ya shule za msingi, na kwa miaka kadhaa ilikuwa ndani ya somo la Sayansi na Teknolojia. Ni jambo la kushukuru. Lakini kufundisha kompyuta bila kompyuta ni kama kufundisha kuogelea ubaoni. Wapo walimu, nami ni mmoja wao, tunaochora kibodi kwa chaki na kuwaita watoto mmoja mmoja waje wabonyeze herufi ukutani. Kipanya tunakifanya kwa kipande cha ndala. Watoto hucheka na kufurahi, na katika mtihani hujibu vizuri kabisa kwamba kipanya ni kifaa cha kuingizia taarifa. Lakini mtoto huyo akifika sekondari na kukuta mwenziwe wa mjini amekwisha kuandika programu ndogo ya kwake, je, hao wawili wanashindana sawa?

Walimu wenyewe pia tuna udhaifu ambao lazima tuusema wazi. Shule nyingi za vijijini huchapisha mitihani katika maduka ya kuchapia ya mjini. Mwalimu hubeba flashi yake, akaichomeka katika kompyuta ambayo tangu asubuhi imechomekewa flashi za watu hamsini. Flashi hurudi na virusi, na mtihani hubaki katika kompyuta ya duka, ambapo mtu yeyote anaweza kuukuta. Kisha tunashangaa mtihani ukivuja. Kosa hilo halina tofauti na lile la mwaka 2008 nililolitaja, isipokuwa huko zilikuwa siri za vita na huku ni maswali ya hesabu ya darasa la sita. Mtoto anayetuona tukifanya hivyo anajifunza kutoka kwetu.

Ndugu Mhariri, jeshi letu halikuitwa Jeshi la Wananchi kwa bahati. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi la zamani lililorithiwa kwa wakoloni lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa jeshi jipya la vijana waliotoka katika kila upande wa nchi. Maana yake ilikuwa kwamba ulinzi usiwe mali ya kabila moja, tabaka moja au mji mmoja. Msafiri anayetoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam hupita kambi ya Lugalo, na jina hilo linatukumbusha vita ya Wahehe dhidi ya Wajerumani mwaka 1891. Waliopigana pale walikuwa watu wa vijijini.

Sasa fikiria jeshi ambalo mtoto wa kijijini analinda geti na kuchimba handaki, na mtoto wa mjini ndiye pekee anayeshika mitambo, funguo na habari. Litakuwa bado linaitwa la wananchi, lakini ndani yake patakuwa na ukuta. Na ukuta huo hautajengwa na jeshi, kwani jeshi huchukua wanaofaa kutoka kwa waliopo. Utakuwa umejengwa huku nje, katika madarasa yetu.

Najua watakuwapo wa kunijibu. Mmoja atasema kwamba shule zina upungufu wa madawati, vyoo na madarasa, na mwalimu huyu anaota kompyuta. Nami nakubali kwamba mtoto akae kwanza ndipo asome. Lakini hatukungoja kila kijiji kipate barabara ya lami ndipo tuweke umeme. Umeme wa REA umekwisha kufika karibu vijiji vyote. Tarehe 13 Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara ya simu 758 vijijini. Umeme na mnara vikifika, kilichobaki ni chumba chenye mlango imara na mashine chache. Tena vile vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya hapo. Kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu kabisa.

Mwingine atasema kwamba hata tukiwafundisha, wataondoka jeshini na kufuata mishahara minono ya kampuni za simu na mabenki. Hoja hiyo ni ya kweli, na wanaohusika waangalie vyeo na malipo ya mafundi hawa ili mtu mwenye ujuzi asione kwamba anajinyima kwa kubaki. Lakini njia nyingine ya kupambana na tatizo hilo ni kuwa na wengi. Ukivua katika kidimbwi kimoja, samaki akitoroka umelala na njaa. Ukivua bahari nzima, unaweza kupoteza mmoja na bado ukala.

Wa tatu atasema kwamba kazi hii ni ya wavulana. Huyo namjibu kwa ufupi. Katika darasa langu wanaoongoza hesabu mara nyingi ni wasichana, na wasichana ndio wanaotunza madaftari yao vizuri zaidi. Wasichana hupitia Jeshi la Kujenga Taifa kama wavulana. Mtambo haumwulizi anayeubonyeza kama ni mwanamume au mwanamke.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo:

Kwanza, kila kata ichague shule moja ya msingi iwe kituo cha kompyuta. Iwe na chumba chenye nondo madirishani, umeme, na kompyuta kumi tu kwa kuanzia. Shule nyingine za kata hiyo zipelekwe kwa zamu, kila moja siku yake. Wazazi wako tayari kusomba mchanga na kufyatua matofali, kama walivyofanya kwa madarasa na zahanati.

Pili, watoto wafundishwe usalama pamoja na ubonyezaji. Wajue tangu darasa la tatu kwamba nywila haiazimwi, kwamba flashi ya kuokota haichomekwi, na kwamba picha ya kambi au ya gari la jeshi haipigwi na kurushwa mtandaoni kwa kujifurahisha. Masomo hayo hayahitaji fedha nyingi.

Tatu, vyuo vya ualimu viwape walimu wote mafunzo ya mitandao kwa vitendo, na sisi tulio kazini turudishwe darasani wakati wa likizo. Mwalimu asiyejua hawezi kumpa mtoto asichonacho.

Nne, viandikwe vitabu vidogo vya Kiswahili vya kueleza mtandao ni nini na unalindwaje. Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha sekondari anakutana na kompyuta na Kiingereza siku moja, na mara nyingi kinachomshinda ni lugha wala si kompyuta.

Tano, Jeshi la Kujenga Taifa ni daraja zuri. Lilianzishwa mwaka 1963, na mafunzo yake ya lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita yaliyosimamishwa mwaka 1994 yalirudishwa mwaka 2013. Humo watoto wa mjini na wa shamba hukutana na kula sahani moja. Basi humo wapimwe kwa akili, subira na uaminifu, si kwa kuuliza nani amewahi kumiliki kompyuta. Mwenye kipaji atambuliwe na kuendelezwa, hata kama alijifunzia kwenye kibodi ya chaki.

Sita, tarehe 1 Septemba ya kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa JWTZ, nashauri mafundi wa mitandao wa jeshi watembelee shule chache za vijijini. Hawana haja ya kutaja siri yoyote. Wasimame tu mbele ya watoto wakiwa na sare zao, waseme kwamba wao ni askari na kazi yao ni kompyuta. Mtoto akimwona kwa macho, maneno ya barazani yatakosa nguvu.

Mambo haya si makubwa kupita uwezo wetu. Mtoto aliye darasa la tatu leo atakuwa na umri wa kujiunga na jeshi baada ya miaka kama kumi hivi. Miaka hiyo ikipita bila sisi kufanya lolote, hatutakuwa na wa kumlaumu, si jeshi wala watoto wa mjini ambao hawana kosa kwa kupata walichopata.

Nawaomba viongozi wa elimu, madiwani wetu na wazazi wenzangu wa pwani walitazame jambo hili kama suala la ulinzi wa nchi na suala la haki, kwa sababu yote mawili yamo ndani yake. Nawaomba na walimu wenzangu wa Rufiji, Kilwa, Pangani na mikoa ya bara watoe maoni yao katika ukurasa huu, ili tujue wenzetu wanafanya nini.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bagamoyo, Pwani.